Vifo Vilipohesabiwa: Jinsi Rufiji na Morogoro Zilivyopanga Upya Fedha za Afya

Mfululizo: Nchi Jirani, Jana na Leo
Nakala ya kipindi kwa vikundi vya wasikilizaji

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia jambo linalomgusa kila aliyewahi kupanga foleni kwenye zahanati akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Jambo lenyewe ni fedha za afya. Nani anaamua zitumike wapi? Anaamua kwa kuangalia nini? Na mwananchi wa kawaida, asiye na cheo wala ofisi, ana nafasi gani katika uamuzi huo?

Tutayatafutia majibu katika wilaya mbili za Tanzania, Rufiji na Morogoro, hasa kati ya mwaka 1996 na mwaka 2004. Rufiji iko kusini mwa Dar es Salaam, nchi ya mto mkubwa, mafuriko na mikoko. Morogoro iko upande wa magharibi, ina milima ya Uluguru na mabonde yake. Wilaya hizi mbili kwa pamoja zilikuwa na watu wapatao 700,000. Hazikuwa wilaya tajiri wala hazikuwa na hospitali za ajabu. Lakini yaliyofanyika huko yalibadilisha namna Tanzania nzima inavyogawa fedha za afya, na mjadala wake haujaisha mpaka leo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuanze nyuma kidogo.

Wakati wa Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, zahanati nyingi za vijijini ziliwekwa chini ya serikali za wenyeji. Machifu walikusanya kodi, na sehemu ya kodi hiyo ililipa mishahara ya wahudumu na dawa. Kwa hiyo wazo la huduma ya afya kugharimiwa na kusimamiwa mahali ilipo si geni. Tatizo ni kwamba eneo lililokuwa na kodi kubwa lilipata zahanati nzuri, na eneo maskini lilibaki na majengo matupu.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka kuondoa tofauti hiyo. Vituo vya afya vya vijijini, ambavyo wakati wa uhuru havikufika hata 30, vilizidi 200 kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Zahanati ziliongezeka kwa mamia, na matibabu yalikuwa bure. Mwaka 1978 mataifa ya dunia yalipokutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, kutangaza afya ya msingi kwa watu wote, Tanzania ilikuwa tayari imeianza safari hiyo.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea katika miaka hiyo. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya. Mpango wenyewe uliitwa Madaraka Mikoani, ila kwa vitendo madaraka yalishikwa na maofisa walioteuliwa kutoka juu. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Zilirudi wakati mbaya. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na deni la nje lilikuwa kubwa. Mapaa ya zahanati yalivuja, mishahara ilichelewa, na dawa ziliisha kabla ya mwezi kwisha.

Hata dawa zilizokuja zilikuja kwa utaratibu wa ajabu kidogo. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa wafadhili, kila zahanati ilipelekewa kasha la dawa lililofungwa tayari. Makasha hayo yaliokoa maisha ya watu wengi, na hilo lazima lisemwe. Lakini kasha lilikuwa lile lile. Zahanati ya bondeni yenye mbu usiku kucha na zahanati ya mlimani yenye baridi zilipokea dawa zinazofanana. Aliyelifunga kasha hakuwa na njia ya kujua nani anaumwa nini wapi.

Mwaka 1993 serikali ikaanza kuwatoza wagonjwa katika hospitali. Lugha ya serikali iliita utaratibu huo kuchangia gharama. Mwaka uliofuata likatoka pendekezo kubwa la mageuzi ya sekta ya afya: wilaya ziwe na madaraka, zipange zenyewe, zisimamie fedha zenyewe, na wananchi wawe na sauti. Maneno yalikuwa mazuri. Swali lilikuwa: wilaya itapanga kwa kutumia nini, wakati haijui hata watu wake wanakufa kwa sababu gani?

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mwaka huo huo wa 1993, Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyozua mjadala mkubwa. Ilidai kwamba nchi maskini ikitumia kama dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, na kuzitumia kwa huduma chache zilizochaguliwa vizuri, inaweza kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Wengine walishangilia. Wengine waliuliza: nani amelijaribu jambo hili? Tanzania haikuwa na hata hizo dola 12.

Shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, linalojulikana kwa kifupi IDRC, likakubaliana na Wizara ya Afya ya Tanzania kulijaribu katika wilaya halisi, kwa kutumia watumishi wale wale waliokuwapo. Mradi huo ulijulikana kwa kifupi kama TEHIP. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Rufiji na Morogoro. Kazi ilianza mwaka 1996, na wasikilizaji wetu wa Nyarugusu watakumbuka kwamba ndio mwaka kambi yao ilipofunguliwa kuwapokea waliokuwa wakikimbia vita Kivu.

Wilaya ziliahidiwa fedha za ziada, hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Lakini kulikuwa na sharti: fedha hizo zipangwe na timu ya afya ya wilaya yenyewe, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na zipangwe kwa ushahidi. Ushahidi huo ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza, watu wanakufa na kuugua kwa sababu gani. Wa pili, fedha za sasa zinakwenda wapi.

Tuanze na ushahidi wa kwanza. Unajuaje watu wanakufa kwa nini, wakati wengi wanafia nyumbani na wanazikwa kijijini bila cheti? Ukitegemea daftari la hospitali, utawajua waliofika hospitali tu. Mtoto aliyekufa usiku katika kitongoji cha delta, ambako usafiri ni mtumbwi, hayumo kwenye daftari hilo.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kuwatembelea watu majumbani. Morogoro ilikuwa tayari na mradi wa aina hiyo tangu mwaka 1992. Rufiji ilianza mwaka 1998, katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Wadodosaji walipita kila nyumba mara tatu kwa mwaka. Waliandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama na nani amefariki. Palipokuwa na kifo, mtu mwenye mafunzo alirudi baadaye, baada ya siku za maombolezo, akakaa na wafiwa na kuuliza kwa utaratibu. Mgonjwa alianza kuumwa lini? Alikuwa na homa? Aliharisha? Alipumua kwa shida? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Majibu yale yalipitiwa na madaktari, nao wakakadiria chanzo cha kifo.

Ni kazi inayohitaji moyo. Unamuuliza mama habari za mtoto aliyemzika. Lakini ndivyo vifo ambavyo serikali haikuwa ikiviona vilivyoanza kuonekana.

Na mazungumzo hayo yalisahihisha dhana moja iliyokuwa imezoeleka sana. Ofisini ilidhaniwa kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wao wanakimbilia kwa waganga wa jadi, hasa mtoto anaposhikwa na degedege. Takwimu za Rufiji zilionyesha vingine. Karibu wanane kati ya kila kumi waliokufa kwa malaria walikuwa wametafuta tiba ya kisasa. Walikuwa wamepelekwa zahanati au wamepewa dawa za dukani. Kwa maneno mengine, familia zilifanya kama zilivyoambiwa, na bado mgonjwa alikufa. Lawama iliyokuwa ikiwaelekea akina mama ikabidi igeuzwe na kuelekezwa kwenye huduma yenyewe: kuchelewa, dawa zisizofaa tena, vipimo visivyokuwapo, na zahanati iliyofungwa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa ushahidi wa pili: fedha zinakwenda wapi.

Hapa wataalamu walitengeneza chombo rahisi. Walichukua kila tatizo la afya na kuhesabu miaka ya uhai inayopotea kwa sababu yake. Mtoto akifa akiwa na mwaka mmoja, miaka mingi sana ya uhai imepotea. Mzee wa miaka 70 akifa, msiba ni msiba, ila miaka iliyopotea ni michache. Kisha wakaweka pembeni yake fungu la bajeti linalokwenda kwenye tatizo hilo. Nguzo mbili kwenye karatasi, moja ya maradhi na moja ya fedha. Hata asiyesomea uhasibu aliweza kuona kama zinalingana au hazilingani.

Sikiliza hesabu ya Morogoro. Malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea. Katika bajeti ya mwaka 1996, malaria ilipewa asilimia 5 tu ya fedha. Upande wa pili, kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 ya miaka iliyopotea, lakini kilipata asilimia 22 ya bajeti. Magonjwa ya watoto kwa jumla, yaani homa ya mapafu, kuharisha, utapiamlo, surua na malaria ya watoto, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo na yalipata asilimia 13 ya fedha.

Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watoto wa Morogoro wafe. Bajeti ilikuwa hivyo kwa sababu kila mfadhili alikuja na mradi wake na fedha zake zenye masharti, na wilaya ilijumlisha tu. Ugonjwa wenye mfadhili ulikuwa na gari, semina na posho. Ugonjwa usio na mfadhili ulikuwa na foleni.

Baada ya kuona nguzo zile, timu za wilaya zilihamisha fedha. Chandarua chenye dawa kilipewa nafasi. Watabibu na wauguzi wa zahanati walifundishwa utaratibu mpya wa kumtibu mtoto mgonjwa: mwangalie mtoto mzima, siyo ugonjwa mmoja. Mama akija na mtoto mwenye homa, mhudumu asiishie kuandika dawa ya malaria na kumwita anayefuata. Apime pumzi, aulize habari ya kuharisha, atazame macho na uzito, aangalie kadi ya chanjo, na amweleze mama dalili za hatari za kumrudisha mtoto haraka. Jambo hilo halihitaji mashine. Linahitaji mafunzo, muda na dawa chache za msingi.

Usimamizi nao ulibadilika. Awali maofisa wa makao makuu ya wilaya walitakiwa kukagua kila zahanati. Rufiji, yenye mafuriko ya mara kwa mara na barabara zinazokatika, jambo hilo halikuwezekana. Ukaundwa mnyororo: kituo cha afya kilipewa zahanati za jirani kuzisimamia, na wilaya ikavisimamia vituo vya afya. Simu za upepo ziliwekwa ili mhudumu aweze kuomba msaada au kuripoti bila kusafiri siku nzima.

Na ukarabati wa majengo? Wilaya hazikutoa kazi yote kwa wakandarasi. Vijiji viliunda kamati, wananchi wakachangia nguvukazi, na mradi ukaleta vitu vya dukani. Wanakijiji walifyatua matofali, wakabeba mchanga, mawe na maji. Walioshiriki kujenga waliulizia baadaye habari za dawa na za mhudumu asiyefika kazini. Katika baadhi ya vijiji watu walipewa hata kamera wapige picha za mambo wanayoyaona kuwa matatizo yao, na picha hizo zikawa sehemu ya mazungumzo ya mpango.

Jambo moja liliwashangaza hata waanzilishi wa mradi. Wilaya hazikuweza kuzitumia dola 2 zote. Kwa wastani zilitumia chini ya dola 1 ya ziada kwa kila mtu kwa mwaka. Fedha nyingi zaidi zingehitaji watumishi zaidi, magari zaidi na wahasibu zaidi, na hao hawakuwapo. Hapo ndipo lilipotoka somo kwamba fedha ikija kwa kasi kuliko uwezo wa kuisimamia, haiendi mbali.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Je, vifo vilipungua? Ndiyo. Viongozi wa mradi waliandika kwamba katika wilaya hizo mbili vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka kama mitano. Habari hiyo ilizunguka dunia. Magazeti ya Ulaya yaliandika juu ya maajabu ya senti 80 za dola.

Lakini msikilizaji mwangalifu atauliza: je, ni mpango uliofanya hivyo, au kulikuwa na mambo mengine? Ni swali la haki, na watafiti waliliuliza pia. Walizilinganisha Rufiji na Morogoro na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo ya kumtibu mtoto mzima yalikuwa hayajafika. Vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mafunzo. Ni tofauti ndogo kuliko ile asilimia 40, na watafiti walitahadharisha isichukuliwe kuwa neno la mwisho. Lakini pia waligundua kwamba kumtibu mtoto vizuri hakukugharimu zaidi ya kumtibu ovyo.

Kisha nchi nzima ikaanza kushuka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta watoto 147 kati ya kila 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta ni 112. Sababu zilikuwa nyingi: vyandarua, vitamini A, chanjo, kuachwa kwa klorokwini iliyokuwa imeshindwa na malaria, fedha zaidi za serikali, na wilaya kupewa fedha za kupanga zenyewe. Rufiji na Morogoro hazikuwa muujiza wa peke yake. Zilikuwa mahali ambapo mambo hayo yalianza kuonekana mapema na kuandikwa vizuri.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuone mafunzo hayo yalivyoingia katika utaratibu wa nchi.

Mwaka 1999 serikali na baadhi ya wafadhili walikubaliana kuacha mtindo wa kila mmoja na mradi wake. Wakaunda mfuko wa pamoja wa afya. Kila halmashauri ilipewa kutoka humo, mwanzoni kama nusu dola kwa kila mtu kwa mwaka, kwa sharti la kuandika mpango mmoja wa mwaka unaojumlisha fedha zote na kazi zote. Mpango huo unaitwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Fedha za robo mwaka inayofuata zilitegemea taarifa ya robo iliyopita.

Kisha likaja suala la mgawo. Kama una fedha za wilaya zote, nani apate ngapi? Zamani wilaya yenye hospitali kubwa na vitanda vingi ilipata zaidi, kwa sababu ina mahitaji ya kuendesha vitanda hivyo. Wilaya isiyo na kitu ilipata kidogo kwa sababu haina kitu. Mwaka 2004 ikaletwa kanuni mpya. Tuseme kulikuwa na shilingi 100. Shilingi 70 ziligawanywa kwa idadi ya watu. Shilingi 10 ziligawanywa kwa kuangalia umaskini. Shilingi 10 kwa urefu wa njia ambayo gari la afya la wilaya lilipita kuvifikia vituo vyake. Na shilingi 10 za mwisho kwa kiwango cha vifo vya watoto walio chini ya miaka 5. Kwa hiyo wilaya yenye watu waliotawanyika, barabara ndefu na vifo vingi iliongezewa. Hesabu hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Ila tazama jinsi idadi ya watu ilivyo na uzito: mtu asiyehesabiwa hana fungu.

Upande wa wananchi, zikaundwa bodi za afya za halmashauri na kamati za vituo, zenye wajumbe wanaotoka miongoni mwa watumiaji wa huduma. Na kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii. Huu ulijaribiwa kwanza wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, katikati ya miaka ya 1990. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka na kutibiwa kwa kadi mwaka mzima. Serikali iliahidi kuongeza kiasi kile kile kilichochangwa. Utaratibu huo wananchi wanaujua kwa jina la tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001, na ukasambazwa nchi nzima.

Kwenye karatasi ulipendeza. Katika maisha, kaya nyingi hazikujiunga kwa miaka mingi, na zilikuwa na sababu zake. Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno, na ada ilidaiwa hata wakati wa njaa. Wengine walilipa, wakaenda na kadi, wakaambiwa dawa hazipo, nenda ukanunue dukani. Mtu akidanganywa hivyo mara moja, mwaka unaofuata halipi. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza walitakiwa kutibiwa bure, lakini msamaha bila dawa ulikuwa msamaha wa maneno. Na kamati za vituo? Nyingine zilifanya kazi kweli. Nyingine zilikuwa majina yaliyobandikwa ukutani; wajumbe hawakuwahi kuonyeshwa hesabu hata mara moja, kwa sababu fedha zilikaa wilayani na kituo kilipelekewa vitu.

Ndiyo maana hatua ya mwaka wa fedha 2017/2018 ilikuwa muhimu. Serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo. Zahanati ya kijiji, pamoja na kamati yake, ikawa na fedha zake za kupanga na kujibu maswali juu yake. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaboreshwa, ada ikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Safari inaendelea.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, ndugu msikilizaji, utauliza: historia hii ya vijiji vya Tanzania inanihusu nini mimi niliye kambini?

Inakuhusu kwanza kwa sababu ya ujirani. Katika mkoa wa Kigoma, wanavijiji wanaozunguka kambi hutibiwa kwenye vituo vya kambi, na wagonjwa mahututi wa kambini hupelekwa hospitali za wilaya. Kitanda kinatumiwa na wote wawili. Bajeti ikipunguzwa upande mmoja, foleni inaongezeka upande wa pili.

Inakuhusu pia kwa sababu nchi jirani zimeanza kupanga kwa pamoja. Uganda iliondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na mwaka 2019 ikazindua mpango wa miaka mitano wa kuunganisha huduma za afya za wakimbizi na za wenyeji katika wilaya zinazowapokea. Kenya, baada ya katiba ya mwaka 2010, ilikabidhi huduma nyingi za afya kwa kaunti kuanzia mwaka 2013, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa kaunti ya Turkana kwa nia ya wakimbizi na wenyeji kutumia huduma zile zile. Mipango hiyo ina kasoro zake, na mara nyingi fedha zilizoahidiwa hazitoshi. Lakini palipo na mpango ulioandikwa, pana mahali pa kuuliza.

Na inakuhusu kwa sababu ya nguzo zile mbili. Misaada inapopungua, kila mmoja analalamika kwamba fedha ni kidogo, na ni kweli ni kidogo. Rufiji na Morogoro zinatufundisha tuongeze swali la pili: hizi kidogo zilizopo zinakwenda kwenye kinachotuua, au zinakwenda kwingine? Swali hilo mhudumu wa afya wa jamii anaweza kuliuliza. Kiongozi wa mtaa anaweza kuliuliza. Mama aliyezika mtoto ana haki ya kuliuliza kuliko wote. Na anayetaka kuliuliza vizuri, aanze na daftari. Mtaani kwetu mwezi huu wamezaliwa wangapi? Wamekufa wangapi? Waliugua nini, na walipelekwa wapi kwanza? Kamati ya afya inayoingia mkutanoni na majibu hayo inasikilizwa tofauti na inayoingia na manung'uniko peke yake.

Tahadhari moja. Habari za vifo na maradhi ni siri za familia. Anayeziandika asizitangaze majina, na asimlazimishe mfiwa kusema. Wadodosaji wa Rufiji walisubiri maombolezo yapite, na waliomba ruhusa kabla ya kukaa.

Kipindi kimefikia ukingoni. Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya kujadili ni haya.

Moja: Katika kambi yenu, magonjwa gani matatu yanaua watoto zaidi? Mmejuaje?

Mbili: Kamati ya afya ya eneo lenu imewahi kuonyeshwa mpango wa kituo au matumizi yake? Kama bado, nani wa kuombwa?

Tatu: Kaya za Igunga na kwingineko ziliacha kulipa zilipokosa dawa. Ni nini kingewafanya watu wa kwenu waamini mchango wao haupotei?

Nne: Wanavijiji wa Morogoro na Rufiji walifyatua matofali na kubeba maji kukarabati zahanati. Ni kazi gani kambini kwenu watu wangeifanya wenyewe, na ni kazi gani haifai kuachiwa wao?

Mtakapojadili, mpeni kila mmoja nafasi, na akina mama wazungumze kwanza. Majibu yenu mpeni mratibu wa kikundi, nasi tutayasoma hewani katika kipindi kijacho.

Wagonjwa tunawaombea nafuu, na wauguzi walio zamu usiku huu tunawatakia kazi njema.

(Muziki wa kufunga.)